Vaa Upendavyo, Kula Utakako

Kabla Kenya haijawa nchi yenye bendera yake, ilikuwa tayari ni meli. SS Kenya ilijengwa Glasgow, ikaanza kazi mwaka 1951 chini ya kampuni ya British India, na mwaka uliofuata ikapata pacha wake, SS Uganda. Zilitoka London, zikakatiza Mfereji wa Suez, zikapitia Aden, zikatia nanga Mombasa, kisha zikashuka kusini hadi Beira. Ndani mlikuwa na madaraja mawili, la kwanza na la kitalii, na kila daraja lilikuwa na chumba chake cha kulia. Tiketi ya daraja la kitalii haikukupa ruhusa ya kwenda kuonja pudini ya wenzako.

Nilifika kwenye meli hizi kupitia swali dogo, hata la kipuzi: mtu akienda safari ya starehe baharini, avae nini na ale wapi? Ukiuliza leo utaambiwa usiwe na presha. Beba jinzi, beba kaptula, kula saa unayotaka, keti na unayemtaka. Jibu hilo bado ni changa sana. Kwa zaidi ya karne moja, koti lako ndilo lililosema unakula wapi na nani anakuletea sahani. Na hata sasa, nikiangalia vizuri, sioni kama koti limeondoka. Naona limehama tu.

Zamani meli ya abiria ilikuwa matatu ya bahari kuu. Ilibeba wahamiaji, barua, mizigo, na wachache wenye pesa zao. Watu walipanda kwa sababu walikuwa na mahali pa kufika. Kweli, P&O ya Uingereza ilikuwa ikiuza ziara za Mediterania tangu 1844, lakini aliyefanya starehe iwe biashara kamili ni Mjerumani mmoja wa Hamburg, Albert Ballin. Shida yake ilikuwa ya kihasibu: wakati wa baridi Atlantiki huchafuka, watu hawataki kusafiri, na meli kubwa zinakaa bure zikila gharama. Januari 1891 akaipakia Augusta Victoria abiria 241 na kuipeleka kuzunguka Mediterania kwa karibu miezi miwili. Yeye mwenyewe alikuwemo. Kufikia 1900 kampuni yake ilikuwa imezindua Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa kwa kazi hiyo tu, bila daraja la tatu wala la pili. Wote waliomo ni wa kwanza. Iligonga miamba Jamaica mwaka 1906 na ikawa ndio mwisho wake.

Kwa upande wa chakula, mwaka wa kuukumbuka ni 1905. Kabla ya hapo, hata tajiri alikula baharini kama mwanafunzi wa bweni: tarumbeta inalia, mnaingia wote saa moja ile ile, kila mtu na kiti chake alichopangiwa, mnakula kilichoandikwa siku hiyo. Mwaka huo Ballin akazindua meli iitwayo Amerika, na ndani yake akaweka mkahawa ulioendeshwa kwa jina la César Ritz, yule wa hoteli, huku Auguste Escoffier akishughulikia jikoni. Sasa ungeweza kuingia saa unayotaka, ukaagiza unachotaka, ukakaa na watu wako. Ila ulilipa. Tiketi ya daraja la kwanza ilikuwa na chakula ndani yake tayari, na bado watu walitoa pesa juu ya pesa ili wasile na wengine. Kwa hivyo ile "kula utakako" tunayouziwa leo kama uhuru mpya ilikuwepo miaka 120 iliyopita, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na bei yake.

Waingereza waliiga. Titanic iliposafiri 1912 ilikuwa na chumba kikubwa cha kulia cha daraja la kwanza kwenye sitaha ya D, cha daraja la tatu chini kabisa kwenye sitaha ya F, na juu, sitaha ya B, mkahawa wa kulipia ulioendeshwa na Luigi Gatti. Sinema zote za Titanic zinatuonyesha magauni na ngazi. Mimi huwa nawafikiria wahudumu wa Gatti. Wengi wao walikuwa Waitaliano na Wafaransa, na hawakuwa waajiriwa wa kampuni ya meli. Walikuwa wa Gatti. Hawakuwa abiria, na hawakuwa mabaharia hasa. Meli ilipozama, karibu wote walikufa, pamoja na Gatti mwenyewe.

Na mavazi? Daraja la kwanza ulibadilisha nguo kutwa nzima, hasa ukiwa mwanamke: nguo ya asubuhi, ya kutembea sitahani, ya chai, kisha gauni la usiku. Mwanamume alivaa koti jeusi na tai ya kipepeo jioni. Ndiyo sababu ya yale masanduku makubwa kama kabati unayoyaona kwenye picha za zamani. Kulikuwa na nafuu moja inayonifurahisha: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho hukutarajiwa kuvaa rasmi, kwa kuwa masanduku yalikuwa hayajafunguliwa au yameshafungwa. Hata mabwana wakubwa waliruhusiwa kwenda kula na nguo za safari kwa sababu ya usumbufu wa mizigo. Unaona basi, sheria ya koti haikuwa ya adabu tupu. Ilimtaka mtu awe na sanduku, nafasi ya kuliweka, na mtu wa kumpigia pasi.

Wazungu waliokuja upande wetu walikutana na kitu ambacho Atlantiki haikuwa nacho, nacho ni joto la Bahari ya Shamu. Kabla ya viyoyozi, vyumba vya ndani vilikuwa tanuri. Abiria walihamisha magodoro wakalala sitahani. Chakula cha jioni ndani ya koti la sufu kilikuwa ni mateso ya kujitakia. Hapo ndipo yakapata umaarufu mavazi ambayo Waingereza waliyapa jina la bahari hiyo hiyo: suruali nyeusi, shati jeupe lisilo na tai, mshipi mpana wa kitambaa kiunoni, koti liachwe chumbani. Mabaharia wa jeshi lao la majini ndio walioyaanza, na mpaka leo maafisa na mabalozi wao huyavaa kwenye nchi za joto.

Kwangu mimi hiyo ndiyo babu ya mavazi ya kawaida ya baharini, na ebu tazama ilivyokaa. Koti limevuliwa, lakini si kila mtu akavaa alichonacho. Kuna namna moja tu ya kulivua. Ule mshipi wenyewe waliuiga India, na jina lake la Kiajemi maana yake ni kifunga kiuno. Sijui kama kuna mpwani aliyehitaji kufundishwa kuhusu kujifunga kiunoni. Watu wa Lamu na Mombasa walikuwa wamevaa vikoi kwenye joto hilo hilo vizazi na vizazi, wakiwa juu ya majahazi yanayokwenda Aden na kurudi, na hakuna aliyewaita wabunifu wa mitindo. Siku hizi kikoi kinauzwa kwenye maduka ya hoteli kama vazi la likizo. Mgeni anakifunga, anaingia nacho mkahawani, anaonekana amepumzika. Nahodha wa jahazi aliyemzungusha jioni amevaa kile kile, naye anaonekana yuko kazini.

Lakini turudi kwenye meli za British India, manake huko ndiko hadithi hii inapotugusa. Kampuni hiyo ilipata kandarasi ya kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872, na kwa karibu karne nzima ilikuwa sehemu ya maisha ya pwani hii. Mbali na Kenya na Uganda kulikuwa na Karanja na Kampala, zilizofanya kazi kati ya Bombay, Mombasa na Durban baada ya vita vya pili vya dunia. Ukiongea na wazee wa Kihindi wa Nairobi au Mombasa, hayo majina yatatoka haraka. Familia nyingi zilifika kwa meli hizo, na si zote zilifika zikilala chumbani. Kulikuwa na abiria wa sitaha: unapewa nafasi, unatandika matandiko yako, unakaa na watoto na masanduku ya bati. Huko swali la avae nini halikuwepo. Swali la chakula lilikuwepo sana, kwa sababu Mhindu asiyekula nyama na Mwislamu anayetaka nyama ya halali hawawezi kutolewa chungu kimoja. Juu, daraja lilipangwa kwa pesa na kola ya shati. Chini, jiko lilipangwa kwa dini. Kwa lugha ya mabaharia wa Kihindi, mpishi wao aliitwa bhandari. Kila nikilisoma neno hilo masikio yangu yanasikia bandari, na kwa sekunde moja naona Kilindini nzima imevaa aproni.

Na waliohudumu kwenye vyumba vya kulia vya juu walikuwa Wagoa. British India iliwategemea hasa: mhudumu wa Kigoa, koti jeupe, vifungo vinavyong'aa. Wahindi wengine, waliojulikana kama laskari, walikuwa sitahani na kwenye injini. Yaani ndani ya meli moja ungeweza kujua kazi ya mtu, dini yake na alikotoka kwa kutazama nguo zake tu, bila kumuuliza jina.

Waafrika je? Wachache walisafiri. Jomo Kenyatta aliondoka Mombasa kwa meli mwaka 1929 kwenda kudai ardhi ya watu wake London, na Septemba 1946 alirudi tena kwa meli kutoka Uingereza. Lakini wengi waliijua meli kutoka upande wa gati. Makuli wa Mombasa ndio waliobeba unga, nyama, mvinyo na yale masanduku makubwa. Januari 1947, miezi michache baada ya Kenyatta kurudi, wafanyakazi wa Mombasa waligoma na mji ukasimama, bandari ikiwemo. Sahani ya fedha juu ya meza ya daraja la kwanza ilikuwa imepita begani kwa mtu kabla ya kufika mezani.

Halafu ndege. Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria, na biashara ya meli ikaanza kufa. SS Kenya ilikatwa chuma chakavu mwaka 1969, ikiwa haijafikisha hata miaka ishirini. SS Uganda ilibahatika kidogo: ilibadilishwa 1968 ikawa meli ya safari za wanafunzi, ikawa meli ya hospitali katika vita vya Falklands 1982, kisha nayo ikaenda kukatwa Taiwan 1986. Hata ilipokuwa ya wanafunzi bado ilikuwa na sehemu mbili. Watoto walilala kwenye mabweni, na watu wazima waliolipa zaidi walikaa kwenye vyumba vizuri vya zamani.

Meli zilizobaki ilibidi zitafute kazi nyingine, na kazi yenyewe ikawa ile ya Ballin: kuzunguka na kurudi ulikotoka. Miami ikawa mji mkuu wa biashara hii. Mwaka 1972 Ted Arison alianzisha Carnival na meli moja kuukuu, Empress of Canada, aliyoibatiza Mardi Gras. Safari yake ya kwanza ikakwama kwenye mchanga nje kidogo ya Miami. Pesa za kushindana na mabwana wenye vinara vya kioo hazikuwepo, kwa hivyo kampuni ikauza raha: muziki, kamari, pombe, njoo ulivyo. Tangu 1977 kipindi cha televisheni cha The Love Boat kikawaonyesha Wamarekani wa kawaida kwamba meli si ya malodi tu. Ila hata hapo, wiki moja ya safari ilikuwa na usiku mmoja au miwili ya kuvaa rasmi, kupeana mkono na kapteni na kupigwa picha. Watu walipenda picha hiyo. Kwa mfanyakazi wa kiwanda wa Ohio, kukodi koti jeusi kwa usiku mmoja kulikuwa ndiyo raha yenyewe, na sioni sababu ya kumcheka.

Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line, wakati huo ikichukuliwa na Star Cruises ya Asia, ilitangaza mtindo iliouita Freestyle Cruising. Hakuna kiti cha kupangiwa, hakuna saa moja ya kula, mikahawa mingi badala ya ukumbi mmoja, na kuvaa rasmi ni kwa anayetaka. Wengine wakacheka, kisha wakafuata mmoja mmoja. Leo karibu kampuni zote kubwa zina toleo lake. Ukumbi mkubwa unakutaka tu usije jioni na nguo ya kuogelea, patapata au fulana isiyo na mikono. Ukitaka kuja hivyo, kuna bufe juu karibu na bwawa, jifunge leso uende. Cunard ndio wakaidi, bado wana usiku wa tai nyeusi.

Sasa hapa ndipo mimi husimama. Ukiondoa kiti cha kupangiwa, umeondoa pia mhudumu wa kupangiwa. Zamani ulikuwa na mhudumu wako wiki nzima, alijua mtoto wako hali samaki, na usiku wa mwisho ulimpa bahasha ya bakshishi mkononi. Abiria akila leo hapa kesho pale, bahasha ni ya nani? Jawabu la kampuni likawa ada ya huduma inayokatwa kila siku moja kwa moja kwenye akaunti ya abiria, kisha inagawanywa ofisini. Abiria akapata uhuru wa kuketi popote. Mhudumu akapoteza mtu aliyemjua kwa jina.

Na madaraja yakarudi kupitia mlango wa nyuma. Mikahawa ya nyama choma ya Kimarekani, ya sushi, ya Kifaransa: ya kulipia juu ya tiketi, kama ya Ritz 1905. Mwaka 2008 MSC Fantasia ilikuja na Yacht Club, sehemu ndani ya meli yenye vyumba, bwawa na mkahawa wake, inayofunguliwa na kadi ya wenyewe tu. Queen Mary 2, iliyoanza safari 2004, haikujificha hata kidogo: mahali unapokula panaamuliwa na chumba ulicholipia. Kwenye meli nyingi tajiri na maskini wamevaa kaptula sawa, na huwezi tena kujua nani ni nani kwa macho. Kadi ndiyo inayojua.

Kuna suala la bendera pia, na nalo lilianzia kwenye meza. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, meli zake hazikuweza kuiuza, na abiria wakakimbilia za Waingereza. Mwaka 1922 meli mbili za Wamarekani, Reliance na Resolute, zikasajiliwa Panama ili baa zifunguliwe. Wenye meli wakagundua kwamba bendera ya kukodi haileti pombe tu. Inaleta pia sheria nyepesi za kazi. Ndiyo maana leo meli inayouzwa Miami ina Bahamas au Panama imeandikwa kisogoni, na wafanyakazi wake wanatoka Ufilipino, Indonesia, India, na kwetu pia.

Binti wa shangazi yangu ni mmoja wao. Aliposaini mkataba wa kuhudumu mezani, orodha ya mavazi aliyotumiwa ilikuwa ndefu kuliko yoyote niliyowahi kuona ya abiria: viatu vyeusi visivyoteleza, soksi nyeusi, nywele zifungwe hivi, kucha zikatwe hivi, hereni moja kila sikio. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini mwaka 2014, kwa hivyo kwenye karatasi ana haki ya kupumzika angalau saa 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku saba. Fanya hesabu ya kinachobaki, uone mkataba wenyewe unaruhusu kazi kiasi gani. Anasema kule chini kuna mabwalo matatu: la maafisa, la wasimamizi na watumbuizaji, na la wafanyakazi wa kawaida. Kila moja na chakula chake. Korido ndefu inayoyaunganisha wanaiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya Marekani, ingawa wengi wao hawajawahi kuiona barabara yenyewe.

Siku moja nilimuuliza abiria wake huvaa nini mezani. Akasema chochote, kuna mmoja alikuja na jezi ya mpira na bado mchanga miguuni. Na wewe? Tai, akasema, na kizibao, kila usiku. Kwenye ukumbi wote ule, aliyevaa kama daraja la kwanza la 1912 ni yule anayeshika sinia.

Zamu yake huisha karibu saa sita usiku. Anashuka, anavua kizibao, anajifunga kikoi alichobeba kutoka Likoni, kisha anaingia bwaloni kuangalia kama leo wamekumbuka ugali au ni wali tena.